Nimejaribu kusoma makala zangu kwa sauti, nasikika kama natangaza msiba. Nakosea wapi?

kalamu_ya_usiku

Habari wakuu, naomba msaada na msinicheke sana.

Mi ni mtu wa kuandika, makala ndefu ndefu za malezi, vitabu na maisha kwa ujumla. Siku za karibuni wasomaji wangu kadhaa wameniandama, mbona usituwekee sauti tusikilize tukiwa tunafua au tuko njiani, macho yamechoka na skrini. Nikaona wazo zuri tena rahisi, si nasoma tu kitu nilichoandika mwenyewe, ugumu uko wapi.

Ugumu nimeuona. Juzi nimechukua makala moja ya maneno 1,200 nikijua ni kazi ya nusu saa. Imekula masaa 2 na nusu, nimetoka na faili la dakika 11, na ndugu yangu niliyemsikilizisha kwanza kabisa akaniuliza "nani kafariki?"

Yaani sauti ni nyembamba kama mtu anapiga simu toka mbali, alafu kuna mwangwi kama niko kwenye tangi tupu la maji, na kila nikikosea neno nafuta naanza upya toka mwanzo kwahiyo mpaka namaliza koo limekauka na hasira juu. Ila linaloniuma kuliko yote ni usomaji wenyewe. Makala ni yangu, maneno ni yangu, lakini nikisoma nakuwa kama mwanafunzi kasimamishwa mbele ya darasa asome kitabu asichokijua. Na jamani, ile sauti ni yangu kweli? Miaka yote hii watu wananisikia hivyo na hamna aliyeniambia?

Ninunue maiki ya maana au niache tu niendelee kuandika?

---

mpita_njia_77

Unaanza upya TOKA MWANZO kila ukikosea neno moja?? 😂😂 Mkuu hiyo sio kurekodi, hiyo ni adhabu. Nakaa hapa nasubiri wajuzi maana na mi nina mpango huo huo.

---

sikio_la_tatu

Karibu kalamu. Mi kazi yangu ni kueditia sauti za watu, mwaka wa tisa huu, na hayo uliyoyataja yote nayajua kwa majina. Usinunue kitu chochote kwanza, shika hela yako.

Tuanze na hilo la kurudia maana ndo linakumaliza nguvu. Ukikosea USIZIME rekodi. Nyamaza kidogo, piga kofi moja karibu na maiki, nyamaza tena, alafu rudia sentensi nzima toka mwanzo wake. Sio toka neno ulilokosea, hapana, sentensi nzima, kwasababu ukidakia katikati toni yako haitaungana na ile ya kwanza na msikilizaji atasikia kiraka. Ukija kueditia, lile kofi linaonekana kwenye mchoro wa sauti kama mwiba mrefu umesimama peke yake, unakwenda kwenye mwiba, unakata kilicho kabla yake, umemaliza. Mi kuna watu wananiletea faili la dakika 40 lenye makofi thelathini na namaliza haraka kuliko faili la dakika 15 la mtu aliyekuwa anazima na kuwasha.

La pili, chumba. Watu wanahangaika na maiki wakati tatizo ni ukuta. Sauti yako inatoka mdomoni, inapiga ukuta mtupu na sakafu ngumu, inarudi, maiki inapokea wewe pamoja na kivuli chako. Ukimpa mtu huyo maiki kali zaidi itakachofanya ni kurekodi kivuli vizuri zaidi. Dawa ni vitu laini na vizito: magodoro, mablanketi, mapazia mazito, nguo. Kabati lililojaa nguo ukilifungua ukasimama na uso wako umeelekea ndani ya nguo, umepata studio. Trei za mayai ukutani achana nazo, ni nyepesi mno, zinapunguza makali kidogo ya juu na mwangwi wenyewe unabaki pale pale.

Sasa niambie, umerekodi na kifaa gani na ukiwa wapi? Hiyo sauti nyembamba kama ya simu inanitia wasiwasi, naihisi ila sitaki kubahatisha.

---

kalamu_ya_usiku

Aisee hilo la kofi peke yake limenilipa kuja hapa.

Nilikaa sebuleni, sakafu ya vigae, feni inazunguka maana joto. Nilitumia simu, ila sio maiki yake, nilivaa zile hedifoni ndogo za Bluetooth za masikioni nikiamini kwakuwa ziko karibu na mdomo ndo zitachukua vizuri.

---

sikio_la_tatu

Nilijua!! Mwizi wako ndo huyo hapo.

Skia, hedifoni za Bluetooth zina tabia mbili. Ukisikiliza muziki zinatumia njia pana, sauti tamu. Ila ile dakika unawasha maiki yake, nyingi zinahamia njia ya kupigia simu, na njia hiyo ni nyembamba. Rekodi ya kawaida inachukua sampuli (yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, hiyo ya simu mara nyingi ni 16,000, na za zamani 8,000 tu. Na mtetemo wa sauti wa juu kabisa unaoweza kuupata ni nusu ya hizo sampuli, kwahiyo kwenye 8,000 kila kitu kilicho juu ya hezi 4,000 (mitetemo 4,000 kwa sekunde) kimekatwa. Na huko juu ndiko zinakoishi "s" na "sh" na "f". Ndo maana unasikika kama unapiga simu, kwasababu kiufundi ulikuwa unapiga simu.

Zivue. Maiki ya simu yenyewe, ile iliyoko chini karibu na tundu la chaji, ni nzuri kuliko watu wanavyoidharau. Iweke umbali wa shubiri moja toka mdomoni na isikutazame moja kwa moja, isogeze pembeni ya shavu kidogo, ili pumzi ya "p" na "b" ipite isiipige usoni. Jaribu kusema "papo hapo" mara tatu, ukisikia mbu! mbu! basi sogeza tena. Simu weka flaiti modi, feni zima, vumilia joto hizo dakika.

Na kama apu yako inaonyesha kiwango cha sauti, hakikisha pale unapopaza sana hauvuki desibeli -6, mara nyingi uwe kati ya -12 na -6. Sifuri ndo dari, ukigonga dari sauti inapasuka na iliyopasuka haiponi. Ndogo tutaipandisha, usiogope ndogo.

---

roboti_halichoki

Mnajitesa bure wakuu. Siku hizi mashine inasoma Kiswahili safi kabisa. Microsoft wana sauti nne za Kiswahili, Rehema na Daudi kwa lafudhi ya Tanzania, Zuri na Rafiki ya Kenya. Unabandika maandishi, dakika mbili una faili, hamna feni hamna kabati hamna makofi. Makala 100 zote za zamani unazimaliza wikiendi moja. Teknolojia ipo tuitumie.

---

mama_hadithi

Ndugu roboti nimezijaribu hizo na kwa kazi fulani sina ugomvi nazo, taarifa fupi, maelekezo, sawa. Ila mpe "barabara". Ukiwa unaongelea njia ya magari, mkazo unakaa kwenye "ba" ya pili, sijui, niseme barabAra. Ukiwa unasema kitu kimekaa sawasawa inakuwa barAbara. Sisi tunajua kwa maana, mashine inaona herufi zile zile na inakupa mkazo ule ule. Alafu "n.k.", alafu tarehe zilizoandikwa kwa mikwaju, alafu utani! Mashine inasoma utani kwa uso mkavu hadi unaona huruma. Kwahiyo mwisho wa siku unakaa unarekebisha maandishi masaa mawili ili mashine isikosee, si bora ungesoma mwenyewe.

---

sikio_la_tatu

Ya pili kutoka mwisho mama, ndo sheria ya mkazo wetu, kwahiyo ile ya magari inakuwa barabAra, kwenye "ba" kabla ya "ra" ya mwisho kama ulivyosema 😄 na hoja yako imefika.

---

mama_hadithi

Haya basi hizo sheria mtagawana wenyewe huko, mdomo wangu unajua hata kama vidole havijui 😂

---

macho_kwa_sikio

Samahanini naingilia, naomba niseme kama msikilizaji.

Mi sioni. Kila kitu ninachosoma, hata huu uzi, nasomewa na mashine. Ni programu za kusoma skrini kwa sauti, kwenye simu TalkBack, kwenye kompyuta NVDA ambayo ni ya bure kabisa. Na naisikiliza kwa spidi ambayo nyie mkikaa pembeni yangu mtadhani redio imeharibika. Kwahiyo kalamu makala zako kwangu tayari zina sauti toka siku ya kwanza, na roboti nakwambia kwa heshima, ukiniwekea faili lililosomwa na mashine hujaniongezea kitu, umenipa mashine yako badala ya yangu, tena ya kwako ni ya polepole.

Mtu akisoma mwenyewe ndo napata kitu kipya. Pale anapopunguza mwendo najua hapa panamgusa. Anapocheka kidogo ndani ya neno najua hakumaanisha. Hivyo vitu haviandikiki na mashine yangu haiwezi kunipa maana haikuwepo.

Ombi moja tu, ukiweka sauti USIONDOE maandishi. Kuna mtu anaweka sauti anatoa maandishi akidhani ndo katusaidia sisi. Mi nikitaka kutafuta jina la kitabu ulichokitaja siwezi kusikiliza dakika 11 kulitafuta. Na kuna wasiosikia pia, wale maandishi ndo kila kitu.

---

roboti_halichoki

Hapo umenishika mkuu, sikuwahi kulifikiria upande huo. Narudi kwenye kiti changu.

---

mama_hadithi

Macho_kwa_sikio umesema yote, mi nirudi kwa kalamu na lile linalomuuma.

Mimi nasomea watoto hadithi na kurekodi, na nilikuwa na ugonjwa huo huo wa darasani. Nilidhani ni sauti yangu, nikafanya mazoezi ya pumzi, nikanywa maji ya vuguvugu, nikasoma nimesimama (hili lilisaidia kidogo, ukikaa umejikunja tumbo halina nafasi). Kumbe shida ilikuwa kwenye karatasi. Sentensi ya kuandika imejengwa kwa ajili ya jicho, na jicho lina uwezo wa kurudi nyuma. Sikio halirudi. Msomaji akipotea kwenye sentensi yako ya mistari minne anapanda juu anaanza tena, msikilizaji akipotea ndo basi, anakusikia unaendelea kuongea kwa mbali. Na wewe unayesoma mdomo wako unajua hilo kabla ya kichwa chako, unaanza kukimbilia nukta ukiogopa pumzi itaisha, na ule uoga ndo unaosikika kama msiba.

Fanya hivi. Chukua makala, isome mara moja, ifunike. Alafu mtumie rafiki yako voisi noti umweleze hiyo makala inahusu nini. Usisome, mweleze tu kama unavyompigia umbea. Kisha sikiliza ile voisi noti na uandike ulivyosema. Utashangaa. Kila mmoja wetu humu ni mtangazaji hodari kwenye voisi noti, hamna aliyefundishwa, hamna anayesikika kama msiba, ukituwekea karatasi mbele tu tumekufa.

Na kuhusu kuchukia sauti yako, huyo mtu kwenye rekodi ndo wewe tunayemjua sisi. Wewe ukiongea unajisikia kwa njia mbili, hewani na kupitia mifupa ya kichwa, na mifupa inakuongezea besi. Rekodi haina mifupa. Ukijisikiliza mara ishirini utamzoea huyo mgeni, mimi wangu nilimzoea kwa shida lakini sasa tunaishi vizuri.

---

kalamu_ya_usiku

Wakuu. Nimefanya hilo la voisi noti jana usiku na nimeona aibu kidogo.

Hii ni sentensi yangu kama ilivyo kwenye makala:

"Usomaji wa pamoja kati ya mzazi na mtoto (hasa aliye chini ya miaka mitano), kama ilivyoelezwa hapo juu, pale ambapo mzazi anashiriki kikamilifu, humjengea mtoto msamiati ambao baadaye humsaidia awapo darasani."

Na hii ndo niliyoisema kwenye voisi noti bila kufikiria:

"Msomee mtoto, hasa huyu mdogo ambaye hata miaka mitano hajafika. Kaa naye, mwonyeshe picha, akikukatiza muache akukatize. Yale maneno anayookota hapo ndo atakayokwenda nayo darasani."

Na ile ya "hapo juu"! Kwenye sauti hakuna juu! Nimepekua makala nzima nikakuta "kama nilivyotaja hapo juu" mara nne, mabano saba, na orodha moja ya vitabu kumi na mbili ambayo nikiisoma hata mimi nalala. Orodha nimeitoa nimetaja vitatu tu, vingine nimesema vipo kwenye maandishi. Hivi ni sawa sauti na maandishi zikitofautiana?

---

macho_kwa_sikio

Kwangu sawa kabisa, mradi mwanzoni unasema tu kwamba orodha kamili iko kwenye maandishi. Nitaifuata na mashine yangu.

---

mpita_njia_77

Swali la pembeni, ya kueditia mnatumia nini? Na faili likiwa kubwa watu hawatalalamika bando?

---

sikio_la_tatu

Kompyuta chukua Audacity, ni ya bure na ipo toka mwaka 2000, ina kila kitu ambacho msomaji wa makala anahitaji na vingine mia ambavyo hutagusa. Kabla hujaanza kusoma nyamaza sekunde 10 rekodi ikiwa inakwenda, usipumue kwa nguvu, acha ichukue ukimya wa chumba. Ule ukimya ndo unaionyesha programu "hii ndo kelele yangu", alafu unachagua rekodi nzima inaiondoa. Ila kwa kiasi! Ukiibana sana unaanza kusikika kama unaongea ukiwa chini ya maji, na mtu akishazoea kubana hasikii tena kwamba kaharibu, nimewaona wengi. Bora feni ya mbali kidogo kuliko hiyo. Ukimya huo huo unakusaidia kuziba mapengo ukikata sehemu, maana ukiweka ukimya mtupu kabisa sikio linashtuka kama mtu kazima umeme.

Kata pia yaliyo chini ya hezi 80, huko hakuna sauti ya mtu anayesoma, kuna miungurumo ya magari na meza uliyoigonga na goti.

Bando sasa. Rekodi na hifadhi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), hiyo ni yako ya kabatini. Dakika 11 za mono (sauti ya njia moja, stirio ni mbili) ni kama MB 58. Ya kuwapa watu itoe kwa MP3 (faili lililobanwa), mono, kbps 64 (kilobiti kwa sekunde), inashuka hadi MB 5 na kidogo. Mdomo ni mmoja, stirio ya nini? Ukali wa sauti ulenge -19 LUFS (kipimo cha jinsi sikio linavyosikia ukubwa wa sauti) kama ni mono, wanaotoa stirio wanalenga -16, ili msikilizaji akitoka kwa mwingine akija kwako asikimbilie kuongeza au kupunguza.

Maiki ukija kununua baadaye, na kama chumba chako bado kina kelele, tafuta dainamiki sio kondensa. Kondensa inasikia mpaka jirani anafungua mlango. Lakini sio leo.

---

kalamu_ya_usiku

MREJESHO.

Kabati, mlango wazi, blanketi juu ya kichwa kama mganga, simu imeegemea rundo la mashati, shubiri moja, feni imezimwa. Makala ile ile lakini nimeiandika upya kwa mdomo, imekuwa maneno 870. Nimepiga makofi 19. Kurekodi dakika 16, kueditia dakika 50 kwasababu ndo naanza, faili la mwisho dakika 8. Jasho limenitoka sitasema uongo.

Nimempelekea ndugu yangu yule yule. Kasikiliza, kanyamaza, alafu kaniuliza "hiyo ya kumsomea mtoto, unaniambia mimi?" Sikuwa namwambia yeye. Ila ana mtoto wa miaka minne kwahiyo sijakataa pia.

Nimewawekea msikilize, semeni ukweli.

---

mama_hadithi

Umepona. Dakika ya kwanza bado unakanyaga kwa woga, kuanzia ya pili umesahau kama unarekodi. Next time soma kile kipande cha kwanza tena mwishoni kabisa ukishapata moto, alafu ukibandike mwanzo, mimi nafanya hivyo kila siku.

---

macho_kwa_sikio

Nimesikiliza kwa spidi ya kawaida mpaka mwisho, na mimi hiyo spidi huwa sivumilii. Dakika ya 6 kabla ya kusema kuhusu baba yako umemeza mate na ukakaa kimya kama sekunde mbili hivi. Usipakate.

---

sikio_la_tatu

Kata mate, acha ukimya.

---

kalamu_ya_usiku

Nimeacha vyote viwili 😅 makala inayofuata naanza kesho, kabati bado liko wazi.